Milango Iliyopandishwa Kila Mwaka

Juma lililopita nilishuka Vulamba, mtaa nilikokulia, kumpelekea mgonjwa komunyo, nikakuta nyumba ya jirani yetu wa zamani imebomolewa. Mahali pake limesimama duka la ghorofa. Mvua ilikuwa imenyesha, na harufu ya udongo uliolowa ikanirudisha utotoni.

Jirani alikuwa fundi mwashi. Kwetu, unajua, kila mtoto hupewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa, na anayekufa haachi nafasi yake kwa mwingine. Mkewe alizaa sita. Watano wakafa wangali wadogo. Fundi akamjengea kila marehemu chumba chake: matofali ya udongo, vipande vya chupa ukutani, mlango wa mbao za mikaratusi uliolingana na kimo cha mtoto. Kila mwaka, baada ya misa ya marehemu, alivunja ukuta juu ya mlango na kuupandisha kidogo, kwa kuwa mtoto angekuwa amekua. Sisi watoto wa mtaani tulimchotea maji na kumkanyagia udongo, naye akatugawia viazi vya moto.

Aliyebaki hai, binti wa mwisho, alikuwa rafiki yangu. Alilala jikoni kando ya mbuzi, akikohoa moshi.

"Papa, nilale mu chumba ya mukubwa yangu mwenye alikufa," alimwomba siku moja mbele yetu.

"Hapana. Ile iko na mwenyewe. Ya kwako nitajenga."

Nyanya yangu, aliyekuwa akipita, akatua mzigo wake wa kuni.

"Weye fundi! Benye balikufa beko na byumba, muzima analala na mbuzi? Basi hiyo mbuzi uiite mutoto wa saba!"

Tulicheka sana. Rafiki yangu hakucheka.

Kanisani katekista alimsifu fundi kwa upendo wake, nami niliamini. Rafiki yangu akakua, akaolewa mji wa Lubero. Hapo ndipo baba yake alipomjengea chumba, kizuri kuliko vyote, akawa anakifagia kila Jumamosi na kutuma watu wamwite. Walirudi na jibu moja: "Mumuambie mi niko muzima."

Hata siku ya mazishi ya baba yake alisimama uani. Hakuingia.

Sasa hata ukuta mmoja haupo. Namshukuru Mungu kwa mengi ya miaka ile. Kwa nyumba hiyo bado sijaweza. Nyumbani kwetu kitanda kilikuwa kipana, na sikumwambia hata mara moja aje alale kwetu.