Jivu la Zizini

Kilichoninyima usingizi ni ulimi wa ndama. Jioni nilimwona akilamba jivu katikati ya zizi, na alipoinua kichwa ulimi wake ulikuwa wa kijivu. Nikalala nikijiuliza: ni jivu tu, au ni risasi, ile metali ya kwenye betri? Kama ni risasi, ndiyo iliyomuua mwenzake siku chache nyuma? Na kama siyo, nitaonekana mjinga kiasi gani?

Wakati huo kijiji chetu kizima cha Matongo kilikuwa na wazimu wa dhahabu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo na shahada isiyokuwa na kazi ya kufanya pale nyumbani. Baba mdogo alikuwa ameacha kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, baada ya udongo kumfunika hadi kiunoni. Akaanza kutengeneza mishipi ya kuvulia kambare Mto Mara: uzi, ndoana, na kipande cha risasi cha kuuzamisha uzi. Risasi aliitoa kwenye betri kuukuu za magari ya wachimbaji. Alizipasua kwa shoka, akang'oa mabamba ya ndani, akayayeyusha kwenye karai.

Aliyayeyushia zizini. Kwetu kila jioni huwashwa moto wa mavi makavu katikati ya zizi ili moshi ufukuze nzi, na likishapoa, jivu hulambwa na ndama. Hakuna anayewafukuza, maana jivu ndilo chumvi yao. Kwa kuwa moto ulikuwepo tayari, baba mdogo hakuona sababu ya kuwasha mwingine. Risasi ikishakuwa maji, alitupia donge la mafuta ya ng'ombe, likawaka kwa moshi mweusi, akakoroga kwa kijiti kikavu. Uchafu ukapanda juu kama utando wa uji. Akauengua kwa kijiko kirefu na kuukung'uta pale pale, kwenye jivu.

Yule ndama wa kwanza alianza kwa kuzungukazunguka. Kisha akasimama amekandamiza kichwa kwenye miti ya zizi kama anayetaka kuiangusha, na ukimpitishia mkono mbele ya macho hakupepesa. Mama alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Baba mdogo alisema ni jicho la jirani. Mimi nikawa naandaa hoja. Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote: kichwani nilishinda kila ubishi, mdomoni sikuanza hata mmoja.

Asubuhi nikajikaza.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mbona macho mekundu, ulikesha duarani?"

"Nilikuwa nawaza ule uchafu wa risasi. Ndama wanaulamba pamoja na jivu."

"Ndama wanalamba jivu tangu enzi za babu yangu."

"Babu yako hakupasua betri."

Akacheka mpaka shoka likamtoka mkononi. "Shemeji!" akamwita mama, aliyekuwa akikamua. "Huyu tulimpeleka chuo, amerudi mganga wa jivu!"

"Mwache," mama akajibu bila kugeuka. "Ila ndama nimebakiwa na huyu mmoja. Akifa, na maziwa basi."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama wake aanze kunyonya, na mama wa ndama huyo ndiye pekee aliyekuwa akikamuliwa.

Baba mdogo akaniangalia. "Una hakika ni risasi?"

"Sina."

"Ukiipata hakika, niite." Akaondoka kwenda kutafuta betri nyingine, kwani wavuvi wangefuata mishipi yao jioni.

Neno hilo likanisumbua mpaka mchana. Nikafikiria kupeleka jivu kwa bwana mifugo Tarime. Je, akinicheka? Je, akija kumkamata baba mdogo? Nikaona heri nimchunguze ndama. Akianza kuzunguka, nitajua. Hapo nikashtuka. Hakika niliyokuwa naisubiri ilikuwa kifo chake.

Nikachukua koleo. Nilikwangua jivu lote mpaka kwenye udongo mgumu, nikalijaza kwenye ndoo za rangi zenye vifuniko. Nikahamisha karai na mafiga nje ya boma, kwenye miamba, upande ambao upepo haukurudi nyumbani. Nikawasha moto.

"Mura!" baba mdogo akaita kutoka zizini aliporudi. "Karai langu liko wapi?"

"Huku nje."

Akaja, akatazama moto, akatazama ndoo. "Hakika umeipata?"

"Sijaipata."

"Na nani atayeyushia juani huku?"

"Mimi."

Akatema mate, kisha akanitupia gunia la mabamba miguuni. "Yaanike kwanza. Lenye maji litakurukia usoni, halafu useme ni jicho la jirani."

Niliyaanika. Yalipokauka nikayaweka kwenye karai, nikatupia mafuta, nikakoroga. Uchafu wa kwanza ulipopanda nikauengua, nikaukung'uta ndani ya ndoo, nikagandamiza kifuniko.