Virusi Viwili katika Ini la Mdogo Wangu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ambayo ningependa niisimulie kwa mpangilio, nikitenga niliyoyaona na niliyoyasikia, maana kuyachanganya hayo mawili ndiko kulikoniponza.

Niliyoyaona ni haya. Mdogo wangu Elirehema, mkulima wa kahawa hapa kwetu mteremkoni mwa Meru, alikutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Alipewa vidonge, akavimeza, na bado macho yakawa ya manjano, tumbo likaanza kujaa maji. Niliyoyasikia ni kwamba yeye, mzee wa kanisa, hujificha migombani akinywa mbege, pombe yetu ya ndizi. "Lisemwalo lipo, Mwalimu," jirani aliniambia. Na mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kudai ushahidi, nikaridhika.

Nilimkuta sebuleni na wageni, akijiandaa kwenda kliniki mjini. Nikamwambia, "Elirehema, unamsumbua daktari bure. Acha pombe kwanza, ndipo uombe dawa."

Kwetu mdogo hamjibu kaka yake mbele ya watu. Aliinamisha kichwa, akaketi. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikaihesabu heshima ile kuwa ungamo. Hakwenda kliniki siku hiyo, wala miezi minane iliyofuata.

Mkewe aliponiita, Elirehema hakuweza tena kutembea. Tulimpeleka, na daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, akampima upya na kukuta pia aina ya C, ambayo hakuna aliyewahi kuitafuta. Akaniita pembeni.

"Shikamoo, babu. Nani alikuambia huyu anakunywa?"

"Marahaba. Watu."

"Hao watu walimpima?"

Akanieleza kwa upole kwamba virusi hivyo viwili vikikaa katika ini moja huliharibu upesi kuliko kimoja, hata kwa asiyeonja pombe. Akauliza kama tuliwahi kuchangia wembe. Nikakumbuka ujana wetu: tulitahiriwa vijana sita kwa kisu kimoja, mimi nikimtangulia. Nilipimwa, sikukutwa na kitu. Kisu nilikiona, kama ndicho kilicholeta ugonjwa, sijui.

Aliporudi nyumbani, niliwaita wageni wale wale, nikamwomba Elirehema radhi mbele yao. "Yamepita, kaka," alisema, akaagiza chai.

Basi, mwanangu, ukikutwa na aina ya B, omba upimwe C pia. Jibu la kwanza lisikufunge macho. Usichangie wembe wala sindano. Chanjo ya B ipo, uchanjwe. Ya C haipo. Na ndugu yako akinyamaza, usimsomee hatia. Mwulize mkiwa wawili. Mungu akujalie masikio mazito na macho mepesi.

Aina ya C ilitibiwa ikaisha; majibu niliyasoma mwenyewe. Kwa ile ya B humeza kidonge kila siku. Ini lina makovu. Kwamba miezi ile minane ndiyo iliyoyaweka, daktari hakusema, nami sisemi. Ila asubuhi ile alikuwa anakwenda kliniki, na aliyemketisha ni mimi.