Katoni ya Askari

Mama alinifundisha kuchagua mchele kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Nilikuwa natupa mchele, nabakiza mawe. Ndiyo maana hapa Guangzhou, China, kwenye maduka ya midoli ya mtaa wa Yide Lu, kukagua mzigo nilimwachia mwenzangu Mkongomani, mwanajeshi wa zamani. Katoni tulikuwa tunanunua wawili na kugawana, maana mama mwenye duka hauzi nusu. Bila mwenzangu huyo sina mzigo.

Siku hiyo nilitaka askari wa plastiki na handaki lao. Mwenzangu akawapanga handakini, kisha akaanza kuwalaza mmoja mmoja.

"Huyu bomu. Huyu bomu. Huyu kuhara."

Mwenye duka akadhani ni wabovu. "Rafiki, nakupa wengine!"

"Na sisi vitani tulipewa wengine," mwenzangu akamjibu. "Wakalala palepale."

Nikacheka mpaka nikakohoa. "Ndugu yangu, hii plastiki! Tulipe, sikukuu imekaribia."

Walikuwa wamebaki askari wawili wamesimama. Akawatazama.

"Papa," akaniambia, "tafuta mwingine wa kugawana naye."

Akatoka, akapita maduka ya jirani ya madaftari bila kugeuka, na Yide Lu hajakanyaga tena.