Siku Objectif Zetu Zilipokamatwa Kizuizini

Siku yangu ya kwanza kama inspekta wa shule za msingi Kisangani, Inspekta Mkuu alinipa kiti kibovu na falsafa yake yote kwa pamoja. "Madame," alisema, "kazi yetu iko moja. Programme ifundishwe yote. Mwalimu akimaliza programme, mutoto ameelimika." Nikakaa kwa uangalifu.

Wakati ule mtaala, yaani hiyo programme, ulikuwa orodha tu ya mambo ya kufundishwa: mito, mifupa ya mwili, vitenzi vya Kifaransa. Mkuu wangu aliamini mtoto ni mtungi. Unamimina mpaka ujae. Asubuhi ileile tulikwenda shule moja ya mtaa wa Tshopo, darasa la nne, na watoto wakaimba majina ya mito bila kukosea hata mmoja. Mimi, kwa kimbelembele cha mgeni, nikamuuliza msichana wa dawati la mbele: "Na mto Tshopo uko wapi?"

"Iko ku cahier, madame," alisema, akinionyesha daftari lake.

Maji ya mto wenyewe yalikuwa yanasikika dirishani. Inspekta Mkuu aliandika "Très bien", vizuri sana, na tukaondoka.

Pengine ni kwa ajili ya swali lile nilihamishiwa Bafwasende, msituni, ambako lori letu lilikwama matopeni mpaka nikawafahamu abiria wote na magonjwa yao. Huko watoto wa wachimba dhahabu walijua kupima dhahabu kwa njiti za kibiriti, lakini hesabu ya vitabuni iliwatoa jasho, kwa kuwa ilihusu treni mbili zinazokutana njiani. Mkuu wa shule, Papa Directeur, aliifuta ile hesabu ubaoni mbele yangu. "Treni hapa itatoka wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha. Akaweka hesabu za njiti, za ndizi na za mafuta ya pikipiki, na watoto waliokuwa wanasinzia wakaanza kugombania majibu. Baadaye wataalamu walikuja kuuita utaratibu huo mkabala wa umahiri: unaanza na jambo litakalomkuta mtoto maishani, ndipo unatafuta somo la kumsaidia. Papa Directeur aliuita kuacha ujinga.

Vita viliponirudisha Kisangani, meli za Kinshasa hazikuwa zinapanda tena mto, na vitabu vipya vya programme havikufika. Alikuwepo ofisini Mshauri wa Ufundishaji, kijana nadhifu aliyesomea kitu kinachoitwa objectif. Kila somo, alisema, lianze kwa kutaja mtoto atakachoweza kufanya mwishoni, na kwa kitenzi kinachoonekana: kuonyesha, kukata, kuchora. "Kujua haionekani," alirudia kutwa nzima. Mkewe aliniambia kwamba hata nyumbani huuliza objectif ya mboga. Inspekta Mkuu hakumvumilia. "Huyu anataka kuona mutungi, hana haja na maji," alinung'unika, na wawili hao wakawa wanasalimiana kwa barua.

Mji nao ulikuwa umegawanyika. Majeshi mawili ya wageni, yaliyokuja yakiwa marafiki, sasa yalitazamana kwa jicho baya, kila moja na upande wake wa mji. Kila upande ulianza kusema utatunga mtihani wake wa darasa la sita. Hilo lilininyima raha. Mtoto wa upande huu angepewa cheti ambacho upande ule ungekitumia kufungia karanga. Nikawaweka wale mabwana wawili chumba kimoja, nikakaa mlangoni. Inspekta Mkuu alitoa orodha ya mambo, Mshauri akayavika objectif, mimi nikaweka mifano ya hapa kwetu, na hatimaye tukawa na programme moja, na mtihani mmoja wa kutokana nayo, kwa mji mzima. Ilipigwa chapa nakala moja tu, maana utepe wa mashine ulikufa pale pale. Nilipaswa kuifikisha parokia moja ya Kabondo iliyokuwa na mashine ya kurudufu, kwa kupita kizuizi cha askari.

Niliiweka kikapuni chini ya makemba, ndizi za kupika zilizoiva vizuri. Niliificha mvua, si askari. Lakini nenda kamweleze hayo koplo aliyekwisha kuikuta.

Alikuwa kijana mrefu, kidole chake kikifuata mistari. "Objectif opérationnel ya kwanza," alisoma polepole, "kuonyesha pont ya Tshopo. Ya mbili, barrage ya courant. Ya tatu, kiwanja ya ndege." Daraja, bwawa la umeme, uwanja wa ndege: akanitazama. "Mama, hii ni nini?"

"Ni programme ya masomo. Étude du milieu. Mutoto ajue mahali anaishi."

"Mi niko soda, mama, mutu wa bunduki. Objectif njo mahali tunapiga." Akageuza ukurasa, na hapo nikamlaani Mshauri kimoyomoyo, maana chini ya kichwa "Groupe cible", walengwa wetu, alikuwa ameandika "sixième", yaani darasa la sita. Koplo akashusha sauti. "Cible, sixième. Sixième ni bataillon ya nani?"

Mshauri mwenyewe, wakati huo, alikuwa ofisini akinywa chai.

Nilipelekwa kwa kamanda wao, mtu mnene aliyekaa juu ya dawati la shule, na sikuthubutu kuuliza lilitoka shule gani. Aliipitia programme yetu, akaikunja, akaiweka chini ya paja lake. Pale chini ya paja ulikuwa mtihani wa watoto wa mji mzima.

"Bon," alisema. "Unasema uko mwalimu. Fundisha hawa batu, nione."

Askari sita, koplo akiwa mmoja wao, walikuwa wamesimama karibu na jiko la makaa. Nilianza kwa njia ya Inspekta Mkuu: nikawaimbisha maana ya sehemu, kizima kilichogawanywa mafungu yaliyo sawa. Waliimba vizuri kuliko kwaya. Kamanda akasema, "Basi, banajua." Nikamjibu, "Tuone." Nikatoa makemba manne, yakachomwa, nikamwambia koplo awagawie wote sita sawasawa. Akabaki ameshika kisu, midomo ikirudia kizima na mafungu.

Nikageukia njia ya Mshauri. "Wacha kuimba. Kata. Kila likemba, vipande vitatu." Akakata. Vikawa vipande kumi na viwili, kila mtu viwili. Akatabasamu kabla hajajizuia.

"Na mimi?" aliuliza kamanda.

Hapo ndipo Bafwasende, njia ya Papa Directeur, ilipoingia bila mimi kuiita. Koplo alitazama vipande, akamtazama mkubwa wake, akatazama kikapu changu. Akachukua likemba jingine, akalichoma, akalikata. "Mbili ya commandant," alisema. "Inabakia moja. Ile ni ya madame."

Ndivyo nilivyokaribishwa ndizi yangu mwenyewe. Niliila kwa shukrani.

Kamanda alicheka mpaka dawati likalia, akainua paja. "Chukua karatasi yako. Lakini ile neno objectif, utoe yote. Basoda ya ule upande hawana akili kama ya kwetu." Kwa hiyo programme yetu ilichapwa bila objectif hata moja, kila mahali tuliandika "mutoto ataweza". Mshauri aliumwa kichwa wiki nzima. Inspekta Mkuu alimpelekea barua ya pongezi.

Koplo alinisindikiza kupita kizuizi. Alinibebea kikapu, akachelewa kukirudisha. "Madame," alisema, "mi niliachia ku cinquième, darasa ya tano. Vita ilifika. Ule mutihani, mutu mukubwa anaweza kuingia?"

"Mwenye kalamu anaingia," nilimjibu.

Baadaye yale majeshi mawili yalipigana katikati yetu, na hapo sina mzaha. Mji ulizika watu wake uani, karibu na jikoni. Mtihani ukaahirishwa, na kila nilipopita pale penye kizuizi nilimtafuta yule kijana kwa macho, nisimwone.

Sasa nimestaafu. Mainspekta vijana wananijia Kabondo na majina mapya ya mikabala, wanataka niwaambie upi unaushinda mwenzake. Nawaambia Inspekta Mkuu alikuwa na maji, Mshauri alikuwa na jicho, na Papa Directeur alijua nani ana kiu, na kwamba nimeona mtaala ukiharibika kwa kumkosa yeyote kati yao. Wanaandika. Halafu nawasimulia asubuhi ya mtihani ule, uliofanyika mwishowe, mmoja kwa mji mzima, huku madawati kadhaa yakiwa matupu.

Nilikuwa msimamizi. Dawati la nyuma alikaa mwanamume mwenye shati la raia, magoti hayaingii chini ya meza, watoto wakigeuka kumchungulia. Nilisoma hesabu ya mwisho kwa sauti: watu sita, makemba manne, kila mtu atapata kiasi gani?

Akanyoosha mkono. "Madame. Na commandant?"

Ilinibidi kwanza nitazame dirishani.

"Leo commandant hayuko, papa," nilimwambia. "Leo gawanya sawasawa."