Mia kwa Mia Msambweni

Nafundisha hesabu Msambweni, na muhula ule nilijiona profesa. Mpwa wangu alikuwa ameniletea disketi mbili zenye programu ya bure ya kuandikia hesabu: unachapa mlinganyo, unabonyeza, nayo inautatua papo hapo. Nikatunga mtihani wa kidato cha nne, nikayajaribu maswali yote humo kwenye programu, kisha nikauchapisha bila kuupitia tena. Wenzangu walikuwa bado wanaandika yao kwa mkono, maskini.

Wanafunzi wote wakapata mia kwa mia. Mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya wazazi nieleze mbinu zangu, nami nikazieleza kwa nusu saa nzima, nikiwahurumia walimu wa shule za jirani kule Ukunda. Kisha akamwuliza Mwanamisi, msichana mpole wa dawati la mbele, ni nini hasa kilichowasaidia.

Mwanamisi akanigeukia mimi kwanza.

"Shikamoo, mwalimu. Majibu ulituandikia mwenyewe chini ya kila swali. Tukaona si adabu kukukosoa."

Mwalimu mkuu akaomba aione karatasi ya mtihani. Nilikuwa nayo mkononi muda wote huo, najipepea.