Rangi Isiyokauka

Mume wangu ni mchoraji wa mabango, na kwa maneno yake mwenyewe hana mpinzani kutoka kituo cha mafuta hadi darajani. Sibishi. Ni kweli ng'ombe aliyemchora pale kwenye bucha ana uso wa mtu aliyefiwa, na vichwa vyote vinne kwenye bango la kinyozi vinafanana na kaka yake mkubwa, lakini herufi anaziweza. Watu wanamwita Brashi, naye anafurahi kana kwamba ni cheo. Nyumba yetu, kwa kuwa mganga hajigangi, haijaonja rangi tangu binti yetu aanze kutembea.

Binti huyo ndiye wetu wa pekee. Mwaka huu alipata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, mwendo wa saa tano kutoka hapa, na baba yake akapata kazi ya pili, ya kutangaza. Mtu alikuja kuulizia bango la duka la dawa, akaondoka hana bango ila anazijua alama zote za biolojia za mwanangu. Fundi baiskeli wa jirani alisimuliwa habari ileile mara nne, mpaka akajifunza kuinamia gurudumu kila akimwona Brashi anakuja.

Barua ya chuo ilitaka mashuka mawili, ndoo, viatu vyeupe, na sanduku la bati lenye kufuli, lililopakwa rangi na kuandikwa jina la mwanafunzi. Chini kabisa, kwa wino mzito, iliandikwa kwamba atakayechelewa kufika Jumamosi saa kumi jioni, nafasi yake atapewa mwingine.

"Sanduku niachieni mimi," alisema Brashi.

Basi tukamwachia. Jumatatu alilipaka rangi ya buluu, akaliweka karakanani juu ya matofali mawili, akakataza mtu yeyote kulisogelea. Jumanne nililigusa kwa kidole, kidole kikarudi na buluu. Akasema ni unyevu hewani. Hewa yenyewe ilikuwa kavu kiasi kwamba nguo nilizoanika asubuhi zilikuwa ngumu kabla ya saa nne, lakini mtaalamu ni yeye.

Siku hiyohiyo niliingia jikoni nikakuta chupa ya mafuta ya kupikia imeshuka vidole viwili. Hatukuwa tumekaanga kitu tangu Jumapili.

Sasa, mtu hawezi kuishi na fundi rangi miaka ishirini na mbili asijue mambo mawili matatu. Rangi ya mafuta, ukiizimua kwa petroli kidogo, ukiipaka leo kesho unaikalia. Ukichanganya humo mafuta ya kupikia, haikauki ng'o. Mwaka fulani Brashi alikosea makopo, akachora bango la duka la viatu kwa mchanganyiko huo. Lilikaa bichi mwezi mzima, likakamata nzi kuliko lilivyokamata wateja. Kosa kama hilo fundi halirudii, isipokuwa kwa makusudi.

Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nimewahi kumwambia mwenye nyumba wetu, mbele ya wageni wake, kwamba paa lake linavuja kuliko chujio. Ungetegemea nitoke jikoni na ile chupa mkononi nimuumbue mume wangu mchana kweupe. Nilijitia hamnazo. Nilijiambia si vizuri kumwaibisha mwanamume mbele ya mwanawe, maana mimi, kama mnavyoona, ni mke mwenye staha. Jumatano akapaka mkono wa pili wa rangi, chupa ikashuka tena. Alhamisi mafuta yalipokaribia kwisha, nilikwenda dukani nikanunua chupa nyingine, nikaiweka palepale.

Alhamisi jioni aliandika jina. Sijawahi kuona herufi nzuri vile, nyeupe, zenye kivuli cha njano pembeni. Majirani walikuja kuzitazama. Kila mmoja aliambiwa asiguse.

Ijumaa binti yetu alisema angeweza kuazima begi kwa shangazi yake.

"Barua imesema sanduku," alijibu baba yake.

"Barua ni barua," nikaongeza mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza mwaka huo kumuunga mkono mume wangu, na hata yeye alishtuka.

Jumamosi saa tatu asubuhi shemeji mwenye pikapu alifika, akapiga honi. Yeye ndiye aliyekubali kumpeleka, kwa kuwa alikuwa na mzigo wa kupeleka upande huo. Binti yetu alitoka akiwa amevaa viatu vyeupe, akaenda moja kwa moja karakanani, akaweka kidole kwenye kifuniko. Kikatoka na buluu.

"Bado kidogo tu," alisema Brashi. "Hii Jumatatu itakuwa tayari. Nitaongea na hao wa chuo, nao ni watu."

"Brashi, mimi saa nne sipo hapa," shemeji alisema kutoka garini. "Mzigo wa watu huu."

Binti hakubishana. Aliingia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta, akaiweka juu ya meza ya kazi katikati ya makopo ya rangi.

"Baba, mimi nimekulia humu ndani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nilianza kukuoshea brashi kabla sijajua kusoma unachoandika."

Brashi aliitazama ile chupa kana kwamba imeingia kwa miguu yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo mezani. Akajaribu mlango wa mwisho.

"Kama kungekuwa na neno, mama yako angesema. Mama yako unamjua."

Wote wakanigeukia, mpaka shemeji kwenye usukani. Mimi, ambaye sijawahi kukosa la kumwambia mtu, nikaanza kupanga makopo ya rangi mezani.

"Mama," alisema binti yangu, "hii chupa ni mpya."

"Najua," nilisema. "Nimeinunua mimi."

Akatutazama, baba yake kisha mimi. Nilingoja akasirike, maana angekasirika ningepata la kujibu.

"Kumbe mlikuwa wawili," alisema. "Mngeniambia tu kwamba hamtaki niende."

"Tunataka," alisema baba yake. Kisha akaligeukia sanduku. "Tunataka uende. Ila si Jumamosi hii."

Hakuna aliyemuuliza ni Jumamosi ipi. Brashi alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akainama kwenye sanduku kulitoa rangi, maana wino mzito wa barua ulikuwa wa saa, si wa rangi. Alianza na herufi. Zilitoka kwa urahisi kwa sababu ya yale mafuta, nyeupe ikaingia kwenye njano, njano kwenye buluu, mpaka jina likawa tope. Niliona mkono wake unapunguza mwendo, na saa ya ukutani inakaribia saa nne kasoro robo. Angesugua polepole vile dakika ishirini tu, gari lingeondoka. Nilijua, na alijua kwamba najua.

Nikachukua kitambaa cha pili, nikapiga magoti upande wa pili wa sanduku, nikasugua. Nilisugua kwa nguvu kuliko yeye, pembe, mishikio, mpaka bati likaonekana, na kila niliposugua nilikuwa namfukuza mwanangu nyumbani kwa mikono yangu mwenyewe. Machozi yalinitoka mbele ya mtaa mzima uliokuja kumuaga.

Walioniuliza niliwaambia ni petroli.