Baba wa Mtoto ni Nani

Nilikuja Tanganyika nikimfuata mwanamume, na sitatafuta maneno mazuri ya kulifunika hilo. Alikuwa Mkisii mwenzangu. Aliniambia Nyamongo kuna dhahabu, watu wanachimba na kujenga nyumba za bati, nami nikamwamini kwa sababu alikuwa na meno mazuri. Tulivuka mpaka wa Kenya kwa miguu. Miaka ile ya hamsini mpaka ulikuwa jambo la serikali tu. Ng'ombe walilisha pande zote mbili na hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Dhahabu sikuiona. Mimba ilipoanza kuonekana, bwana akaingia mitini, na mpaka leo sijui aliko. Asitafutwe.

Nikaanza kurudi kwetu peke yangu. Nilifika Susuni miguu imevimba, nikaomba maji kwa mama mmoja mjane, Mkurya. Alilitazama tumbo langu, akaitazama miguu, akasema niingie ndani nikae mpaka nijifungue. Nikakaa. Nilijifungua mtoto wa kike, na mikono iliyompokea ilikuwa ya mama huyo. Baada ya hapo hakuna aliyetaja habari ya kuondoka, si yeye si mimi.

Hakuwa mtu wa maneno laini. Uji ukiungua kidogo, anakuuliza kama kwenu mnakula mkaa. Lakini mtoto akilia, yeye alikuwa anafika kabla yangu. Alizaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, na mumewe alikwisha kufa, kwa hiyo pale palikuwa na nyumba yake, ghala la ulezi na zizi, basi. Mimi nilimwita baba. Naona nieleze, maana wajukuu zangu hunicheka: kwa Kikurya, na kwa Kikisii vilevile, baba ni mama. Mzazi wa kiume ndiye tata. Lugha zetu ni ndugu. Siku ya kwanza nilipomwita hivyo aliitika bila kugeuka, kama aliyezoea, na mimi nikaenda nyuma ya ghala nikalia.

Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe ndui ilipoingia. Tulisikia iko upande wa Kenyamonta, mara tukasikia iko ng'ambo ya mpaka, kwetu. Ikatoka amri: hakuna kuvuka, mtu wala mfugo. Mimi nilikwisha kuchanjwa nikiwa msichana, shule ya misheni, na kovu ninalo begani. Mwanangu hakuwa na kitu. Nilikuwa nimewaona waliopona ndui, nyuso zao, na mmoja aliyepofuka macho yote mawili. Kila nikimwogesha mtoto nilimkagua ngozi, kwapani, nyuma ya masikio, mpaka anachoka na kulia. Niliogopa, jamani. Nimezeeka sasa na sijapata kuogopa tena namna ile.

Kisha akapita mtu wa jumbe akitangaza chanjo. Wenyeji wote wafike kwa jumbe, wakubwa kwa watoto. Waliotoka upande wa Kenya wasijisumbue, dawa ni chache, serikali ya kwao itawachanja. Nikamuuliza itatuchanja vipi wakati mpaka umefungwa. Akasema yeye ametumwa kutangaza, kujibu hakutumwa.

Nilirudi ndani nikamwambia mama kwamba wageni wamekataliwa. Alikuwa anapepeta ulezi, hakuacha. "Unakula ulezi wangu," akasema, "unaunguza uji wangu, mtoto wako ananikojolea mimi. Mgeni gani huyo? Kesho mwogeshe mapema."

Kwa jumbe tulikuta msululu umezunguka uwanja. Bwana afya alikuwa kijana kutoka pwani, shati jeupe, Kiswahili kinateleza mdomoni mwake, wakati sisi chetu kilikuwa cha kusukuma. Mbele yake kulikuwa na meza, juu ya meza sinia la vichupa vya dawa na sindano za kuchanjia. Jumbe alisimama kando yake kuwatambulisha watu, kwa sababu aliwajua wote. Kila mama mwenye mtoto aliulizwa swali lile lile, baba wa mtoto ni nani. Mama anataja, jumbe anaitikia kwa kichwa, mtoto anachanjwa, analia, wanaondoka. Nilikuwa navitazama vile vichupa vinavyoisha.

Zamu yangu ikafika. Kijana akauliza bila kuinua macho, "Baba wa mtoto ni nani?"

Kiswahili nilikisoma shuleni, nilikijua. Lakini hofu ilikuwa imekimeza chote, kikabaki Kikisii tu kichwani, na katika maneno yake nilisikia baba.

"Ni mimi," nikasema.

Sasa akainua macho. "Nimeuliza baba."

"Ndiyo. Baba ni mimi. Nimemzaa mwenyewe, muulize huyu hapa, ndiye aliyempokea."

Msululu mzima ukacheka. Hata waliokuwa na watoto wanaolia walicheka. Yule kijana akadhani namfanyia mzaha, uso ukabadilika. "Dada, nina kazi hapa. Nauliza mwanamume. Mume wako ni nani?"

Hapo ndipo Kiswahili kiliponirudia, na mume wa kumtaja sikuwa naye. Jumbe alikuwa ananitazama. Alijua nilikotoka, Susuni nzima ilijua. Nilimkumbatia mtoto nikaanza kugeuka.

"Mume wake ni mimi," mama akasema nyuma yangu.

Kijana wa pwani aliiweka sindano chini. Alitazama kushoto na kulia akingoja watu wacheke tena, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Wakurya wana ndoa hiyo, nyumba ntobhu wanaiita. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake, kwa ng'ombe, mbele ya watu, na watoto wa yule aliyeolewa ni watoto wa nyumba ile, wanarithi. Si mchezo wala si maneno ya kusemwa kwenye msululu wa chanjo.

Jumbe alikohoa. "Mama, huyu ni wa ng'ambo."

"Mke hutoka kwao, mwanangu. Wa kwako ulimwokota uani?"

"Sijasikia ng'ombe wamepita."

"Hawajapita. Mpaka umefungwa, na aliyetangaza ni wewe. Ulitaka niwavushe nifungwe?"

Jumbe akauliza swali ambalo naamini alidhani litammaliza. "Ng'ombe gani hao?"

Mama akawataja. Hakuwaza hata kidogo. Yule mwekundu mwenye baka usoni. Mweusi pamoja na ndama wake. Yule aliyekatwa mkia na fisi. Yule mweupe anayepiga teke akikamuliwa. Fahali. Mimi ndiye niliyekuwa nawakamua ng'ombe wale na kuwafungulia asubuhi, nikawa nawafuata mmoja mmoja kichwani, na alipomaliza hakuna aliyebaki zizini. Alikuwa ametaja wote. Na ng'ombe akishatajwa mbele ya watu kama wale, huwezi kesho kusema ulikuwa unatania.

Jumbe alinigeukia. "Na wewe, unamkubali?"

Nilijua maana yake. Ningekuwa wa nyumba ile maisha yangu yote, na binti yangu angekuwa wake kabla ya kuwa wangu. Ningependa kuwaambia kwamba nilipima mambo. Sikupima kitu, nilikuwa natazama sinia. Nikasema namkubali.

"Kwa hiyo baba wa mtoto ni nani?" akauliza yule kijana, maskini, amechanganyikiwa kabisa.

"Baba anaye," jumbe akasema. "Mchanje."

Akamchanja. Mwanangu alipiga kelele mpaka akakosa pumzi, na sijapata kusikia kelele iliyonifurahisha vile.

Njiani mama alitembea mbele mpaka tukapita mto. Kisha akasimama. "Nimesema yale kwa sababu ya mkono wa mtoto," akaniambia. "Sikukufunga kamba. Mpaka ukifunguliwa, ukitaka kwenu nenda, sitakudai, na watu wakinicheka nitacheka nao." Mimi nikawa nalia tu. Akaniangalia kwa hasira. "Usimdondoshee machozi hapo begani. Utamwosha dawa."

Chanjo ilishika. Ilivimba, ikatoa usaha, ikakauka, ikaacha kovu dogo la mviringo. Ndui ilifika Susuni kweli. Jirani zetu wa bondeni, waliokuwa wametoka ng'ambo kama mimi, walizika watoto wao. Mama wa watoto hao alikuwa rafiki yangu, tulikuwa tunachota maji pamoja. Siku ya chanjo alikaa nyumbani kwa sababu aliambiwa asije. Nilimpenda mama yangu wa Susuni kwa mengi, lakini kila nilipopita bondeni nilimpenda kwa hilo.

Mpaka ulipofunguliwa, mtoto alikuwa anakimbia na ameshaacha ziwa. Asubuhi moja nililifungua zizi nikawatoa wote, na fahali. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga.

"Unawapeleka wapi?"

"Kwa tata."

Alibaki na jani la mboga mkononi. Halafu akamwita mtoto akampakata.

Nikawaswaga peke yangu. Njia nzima watu walisimama kunitazama, maana bibi harusi gani huyo anayejipelekea mahari? Yule mweupe alinisumbua sana. Jua lilikuwa bado juu nilipoingia kwetu, na baba yangu mzazi, tata, akatoka nje. Alikuwa amekwisha kunililia kama mfu. Alinishika uso kwa mikono miwili, akawatazama ng'ombe, akatazama njia nyuma yangu, hakuona mtu.

"Na mume wako yuko wapi?" akauliza.

"Amebaki nyumbani," nikamwambia, "anamlea mtoto."